Meza Imebonyea, Kabati Limechubuka: Mwongozo Kamili wa Kutibu Majeraha ya Samani za Mbao

Malalamiko matatu hutufikia kuhusu kutibu samani za mbao. La kwanza ni la puti, kijazio cha mashimo. Mtu kajaza bonyeo kwenye meza ya mninga, kapiga msasa, kapaka vanishi, na sasa pana doa lililopauka linaloonekana tangu mlangoni, kubwa kuliko jeraha lenyewe. La pili ni la pasi: mvuke umepigwa, mbao haikunyanyuka, badala yake vanishi imefanya ukungu. La tatu ni letu sisi watu wa Tanga: kazi yote imekwenda vizuri hadi siku ya kumalizia, vanishi ikakauka na weupe.

Yote matatu yana dawa, na dawa huanza kwa kulitambua jeraha. Kubonyea si kukatika. Mbao iliyobonyea bado ina nyuzi zake zote, zimebanwa tu, kwa hiyo hunyanyuliwa. Mbao iliyochubuka imepoteza nyuzi, kwa hiyo hujazwa. Ukijaza kilichobonyea, unaiachia samani kiraka isichokihitaji. Ukipiga mvuke kilichokatika, unamaliza mkaa bure.

## Vifaa, kabla hujagusa chochote

Hivi vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, na vingine viko nyumbani tayari.

- Msasa namba 120, 180, 240 na 320, pamoja na msasa wa maji namba 400. Karatasi moja ya kila namba inatosha meza nzima.
- Kipande cha ubao bapa cha kuzungushia msasa, ukubwa wa kiberiti kikubwa.
- Pasi. Ya umeme ni bora, ya mkaa inafaa kwa masharti tutakayoyataja.
- Vitambaa vya pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka haichuji tena ndiyo nzuri. Kanga mpya ikilowa na kupigwa pasi huacha rangi yake kwenye mbao.
- Wembe, patasi kali na pini nyembamba.
- Spiriti, thina ya laka na tapentaini, kila kimoja kwenye chupa yake yenye jina.
- Gundi nyeupe ya mbao na gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili.
- Pati ya magari, ikiwa tu samani itapakwa rangi ya kufunika mbao.
- Nta ya nyuki kidogo.
- Rangi ya unga ya sakafu: nyekundu, njano na nyeusi. Kijiko kimoja cha kila rangi ni kingi mno.
- Vipande vya mbao ya aina ile ile. Karakana yoyote ya seremala ina mabaki ya mninga, mvule, mkongo au mtiki wa shamba la miti la Longuza. Omba pia unga wake wa msumeno, uuchekeche kwa kitambaa chepesi upate ule laini.
- Vanishi au laka inayolingana na iliyopo, na brashi laini ya inchi 2.
- Barakoa. Vumbi la mvule huwasha pua, macho na ngozi, na kwa wenye pumu ni hatari. Fanyia kazi ya msasa nje, upepo ukupige mgongoni.

Stiliwaya ya kusugulia sufuria haimo kwenye orodha kwa makusudi. Vipande vyake vidogo hubaki ndani ya vinyweleo vya mbao, na kwa unyevu wa pwani hupata kutu na kuacha vidoa vyeusi chini ya vanishi.

## Hatua ya 1: Jua unashika mbao gani

Chungulia ukingo na upande wa chini, mahali ambapo fundi hakuhangaika kupapendezesha. Kwenye mbao kamili, mistari ya juu ya meza inaendelea mpaka kwenye kichwa cha ubao. Kwenye vinia utaona ngozi nyembamba ya mbao nzuri imelala juu ya kitu kingine. Kwenye MDF, ubao wa mbao iliyosagwa na kushindiliwa kwa gundi, utaona kitu laini cha kahawia kisicho na mistari kabisa.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Mbao kamili hupigwa mvuke bila wasiwasi. Vinia inavumilia kidogo sana, kwani ngozi yenyewe mara nyingi haifiki hata milimita 1, na joto huilegeza gundi iliyoishikilia. MDF na ubao wa chembechembe havipigwi mvuke kamwe: vikinywa maji huvimba, na havirudi.

Sasa jua kilichopakwa juu. Chagua mahali pa siri, nyuma ya mguu au chini ya droo. Dondosha tone la spiriti, subiri dakika 1, gusa kwa kidole. Likinata, ni sheliaki, ile vanishi ya spiriti. Lisiponata, futa, hamia pembeni kidogo na ujaribu tone la thina ya laka. Likilainika na kuyeyuka, ni laka. Likikunjamana au lisipobadilika, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Andika jibu kwenye tepu ubandike chini ya meza, utalihitaji kwenye hatua ya mwisho.

## Hatua ya 2: Tambua jeraha

Washa tochi ya simu, uilaze karibu kabisa na uso wa mbao ili mwanga upite kwa ubavu. Kila dosari itatupa kivuli. Kisha jibu maswali mawili.

Je, mstari unapotea ukiulowesha? Pitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya mkwaruzo. Ukitoweka wakati wa unyevu na kurudi baada ya kukauka, mkwaruzo uko kwenye vanishi tu, mbao haijaguswa. Hapo usichimbe. Safisha kama kwenye hatua ya 3, kisha ruka mpaka hatua ya 8, lainisha kwa msasa 320, paka upya, umemaliza.

Je, nyuzi zimekatika? Tazama kwenye kingo za shimo. Kingo zikiwa za mviringo na mistari ya mbao inateremka shimoni na kupanda ng'ambo bila kukatizwa, hilo ni bonyeo. Kingo zikiwa kali, zimechanika, au ukiona rangi mpya ya mbao ndani, hapo nyuzi zimekatika.

Majeraha mengi ni mchanganyiko. Kona ya kitanda iliyogongwa mlangoni wakati wa kuhama huwa imebonyea sentimita 2 na kukatika nusu sentimita katikati. Hapo utaratibu hauna mjadala: nyanyua kwanza, jaza baadaye. Ukitanguliza puti, huzuia maji yasifike kwenye nyuzi na kuzibana zisiinuke.

## Hatua ya 3: Safisha

Futa kwa maji ya sabuni kidogo, kisha maji safi, kisha kitambaa kikavu. Kwa nyumba za karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, usiruke maji safi. Chumvi ya hewani hutua juu ya samani na huvuta unyevu, na vanishi mpya ikipakwa juu yake haishiki sawasawa.

Kama samani imekuwa ikipuliziwa polishi ya kopo, safisha tena kwa tapentaini mara 2 au 3, ukibadilisha kitambaa kila mara. Polishi nyingi za namna hiyo zina silikoni. Silikoni ikibaki, vanishi itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, na hakuna brashi itakayovifunika.

## Hatua ya 4: Nyanyua kilichobonyea

Nyuzi za mbao zikipata maji na joto kwa pamoja hulainika na kutanuka, na nyuzi zilizobanwa hurudi karibu na umbo lake. Lakini maji lazima yafike. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanapiga pasi juu ya vanishi nzima, maji hayapiti, na joto linaiunguza vanishi iwe na ukungu.

Fungua njia ya maji. Shika wembe wima na ukwangue vanishi juu ya bonyeo tu, ukifuata mistari ya mbao, mpaka mng'ao upotee na mbao ionekane. Mbao tupu ikiwekewa tone la maji hubadilika rangi papo hapo. Tone likisimama juu bila kuzama, bado kuna vanishi. Kwa bonyeo dogo ambalo hutaki kulikwangua, toboa vanishi kwa pini, vitundu vilivyoachana milimita 2 hivi, kufuata nyuzi. Vitundu hivyo vitafungwa na vanishi mpya.

Lowesha. Jaza bonyeo kwa maji ya moto, acha dakika 10. Kwa mbao laini kama paini au saipresi, bonyeo la kina kifupi linaweza kuinuka hapa hapa, bila pasi.

Piga mvuke. Kunja kitambaa mara mbili, kiloweshe, kikamue kisidondoshe, kilaze juu ya bonyeo. Gusa kwa ncha ya pasi sekunde 5 hadi 8, utasikia kitambaa kikichachatika, kisha inua. Angalia kwa tochi. Lowesha tena, rudia. Kitambaa kisikauke chini ya pasi hata mara moja, kwa sababu mvuke ukiisha kinachobaki ni moto mkavu unaounguza mbao.

Bonyeo jembamba, kama la pembe ya nyundo, linahitaji joto la sehemu ndogo. Weka kizibo cha soda juu ya kitambaa kibichi, upande wake bapa ukiwa chini juu ya bonyeo, kisha gusa kizibo kwa pasi. Joto litashuka hapo tu, na vanishi ya pembeni itasalimika.

Ukitumia pasi ya umeme, weka kwenye joto la pamba na uzime mvuke wake. Matundu yake hunyunyizia maji eneo kubwa kuliko unalotaka.

Ukitumia pasi ya mkaa, fuata masharti matatu. Kung'uta majivu nje kabla hujaisogeza karibu na meza. Sugua uso wake mpaka kutu yote iishe, kwani kutu ikikutana na maji juu ya mbao kama mkongo huacha weusi uliozama (weusi huo hupungua kwa maji ya ndimu yakiachwa dakika chache kisha kufutwa kwa maji safi, ila usitegemee uishe kabisa). Na la tatu, hakikisha chupa za spiriti na thina ziko chumba kingine na sehemu ulizozijaribia zimekauka kabisa. Mvuke wa thina huwakia mbali na ulipo moto.

Jua pa kuishia. Mzunguko wa 3 au wa 4 ndio unaoonyesha matokeo. Baada ya 6 bila mabadiliko, acha. Mbao nzito kama mkongo mara nyingi huinuka nusu tu, na hiyo ni faida tosha: shimo la kujaza limepungua kwa nusu.

Subiri. Acha ikauke saa 24, na wakati wa masika saa 48. Sehemu iliyonyanyuka kwa kawaida huvimba kidogo juu ya uso wa meza, na mkono unawasha kuipiga msasa. Usifanye hivyo. Ukiikata ikiwa na maji, itasinyaa inapokauka na kukuachia shimo jipya pale pale. Kazi imefaulu ikiwa siku ya pili, kwa mwanga wa ubavu, huoni kivuli, na ncha ya kidole ikipita macho yakiwa yamefumbwa haijui lilipokuwa bonyeo.

Kwa vinia, ishia kwenye tone la maji ya moto na sekunde 2 au 3 za pasi, kisha weka karatasi ya nailoni na tofali juu mpaka ikauke. Ikianza kuinuka na kutoa puto, pasua puto kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, na ukandamize usiku kucha.

## Hatua ya 5: Jaza kilichokatika

Hakuna puti moja ya kazi zote. Chagua kwa kuangalia jeraha liko wapi na samani itamaliziwa na nini.

Epoksi na unga wa mbao ndiyo tunayoipendekeza kwa kona, kingo na juu ya meza, mahali panapogongwa kila siku. Kata vanishi iliyolegea kwa wembe, ondoa nyuzi zinazoning'inia, na uache ndani ya shimo pakiwa na mikwaruzo, kwani epoksi haishiki penye mng'ao. Kamua tyubu mbili kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida sawa kwa sawa, na uchanganye dakika 2 kamili. Isiyochanganywa sawasawa hubaki ikinata milele. Ndipo ongeza unga laini kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ukae kwenye kijiti bila kudondoka.

Rangi yake itazidi kuwa nyeusi, kwa sababu epoksi hulowesha unga. Usilinganishe na mbao kavu. Lowesha mbao ya pembeni kwa spiriti na ulinganishe na unyevu ule, ndio utakaofanana na mbao baada ya vanishi. Ikiwa imepauka, ncha ya kisu yenye rangi ya unga nyekundu au njano inatosha. Nyeusi itumie kwa woga mkubwa.

Epoksi ya dakika 5 kwa joto la Tanga huganda kabla ya muda huo, changanya kidogo kidogo. Jaza mpaka ipite uso wa mbao kwa nusu milimita, na uiache saa 24 kabla ya msasa. Kona iliyomeguka ijengee ukuta: vibao viwili vilivyofungwa nailoni, vibanwe pande zote mbili, epoksi imiminwe katikati. Nailoni itabanduka bila taabu.

Sila (ile ya kuzibia vinyweleo vya mbao kabla ya laka) na unga wa mbao, mchanganyiko unaopendwa karakanani kwa sababu hukauka upesi, unafaa mashimo yasiyozidi milimita 2. Husinyaa thina inapotoka, hivyo jaza mara 2 au 3, kila mara ikiwa imekauka.

Gundi nyeupe na unga wa mbao ndiyo inayotuletea lalamiko la kwanza. Maji ya gundi yakitoka, kiraka hunywea. Gundi inayobaki imeziba vinyweleo, na rangi ya mbao haipenyi, ndiyo maana doa hubaki na sura yake hata ukipaka mikono mitano. Itumie kwenye nyufa nyembamba tu.

Pati ya magari ni ngumu, haisinyai, na haifanani na mbao hata kidogo. Kwa kabati litakalopakwa rangi ya mafuta haina mpinzani. Kijiko kimoja cha chakula cha pati kinataka kikaushio cha ukubwa wa punje ya mbaazi. Ukizidisha, huganda ubaoni kabla hujaisambaza, na kikaushio cha ziada kinaweza kutoboza rangi yake juu ya rangi uliyopaka.

Nta ni ya vidonda vidogo visivyoshikwashikwa: ubavu wa kabati, mguu wa kiti. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kijiko na punje ya rangi ya unga, dondoshea, kisha kwangua kwa ukingo wa kadi ya simu. Inakuja *baada* ya vanishi, kamwe si kabla, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Hivyo hivyo polishi ya viatu. Inaficha mkwaruzo vizuri sana, lakini ukishaipaka umefunga mlango wa vanishi mpaka uisafishe yote kwa tapentaini.

## Hatua ya 6: Kiraka cha mbao kwa shimo kubwa

Shimo likizidi ukucha wa kidole gumba kwa upana, au milimita 5 kwa kina, na samani inaonyesha mbao yake, achana na puti. Bandika mbao.

Kata kwanza kiraka, halafu shimo lifuate kiraka. Mafundi chipukizi hufanya kinyume na kuishia kukimbizana na vipimo. Kiwe na umbo la kashata, lenye ncha mbili zinazofuata mistari ya mbao. Jicho huona haraka sana mstari unaokata nyuzi kwa upande, lakini mstari unaoteleza kwa mshazari hupotea kati ya mistari ya mbao yenyewe. Chagua kipande ambacho mistari yake inalingana na ya jirani kwa upana na kwa mwelekeo, hilo ni muhimu kuliko rangi.

Laza kiraka juu ya jeraha, kizungushie mstari kwa ncha ya wembe, kisha chimba ndani ya mstari kwa patasi. Shimo liwe na kina pungufu kidogo ya unene wa kiraka, ili kiraka kisimame juu kwa milimita 1. Anza kuchimba katikati ukielekea mstarini, usianze mstarini. Kwenye mvule, patasi ikigonga kitu kigumu ghafla na kupoteza makali, umekutana na chembe za mawe zinazojengeka ndani ya mti huo. Zinyofoe kwa ncha, usizilazimishe.

Sasa ni gundi. Mtiki una mafuta ya asili yanayoikataa. Ufute kwa thina, subiri ukauke, na upake gundi ndani ya dakika chache. Bana kwa klempu au tofali saa 24, kisha shusha kwa patasi kali au randa ndogo mpaka kilingane na uso.

## Hatua ya 7: Msasa na rangi

Zungushia msasa kwenye kile kibao. Kidole kitupu huchimba bonde kuzunguka puti, kwani mbao ni laini kuliko epoksi. Fuata nyuzi, usizunguke. Mikwaruzo ya kukata nyuzi haionekani leo, itajitokeza rangi ikiingia. Anza na 120 kwenye puti tu, kisha 180 na 240 ukitanua eneo kila namba. Usipite 240 kabla ya rangi, mbao ikilainishwa mno hainywi rangi.

Kwenye vinia anza na 240 moja kwa moja, na ukiona rangi inabadilika ghafla, simama. Umebakiza ngozi kidogo sana.

Kisha futa kwa kitambaa kibichi. Nyuzi zitasimama na mikwaruzo itajionyesha. Ikikauka, piga 240 mara moja kwa wepesi.

Rangi ijaribiwe kwenye kipande cha mabaki kilichopigwa msasa ule ule, ikaushwe, ipakwe vanishi, ndipo uhukumu. Mvule mpya ni wa njano, na kwa mwanga huiva kuwa kahawia ya dhahabu ndani ya miezi. Ukiulinganisha leo na meza ya zamani kwa kuuongezea rangi nyingi, mwakani kiraka kitakuwa cheusi kuliko meza. Upungufu kidogo leo ni bora.

Puti iliyo sawa kwa rangi bado hutambulika kwa sababu haina mistari. Baada ya mkono wa kwanza wa vanishi kukauka, chora mistari michache kwa brashi nyembamba ya rangi, ukiunganisha ya upande huu na ya upande ule, kisha funika kwa mkono wa pili. Mistari mitatu ya kutetereka inatosha. Kumi iliyonyooka inaonekana ni ya kuchorwa.

## Hatua ya 8: Vanishi, na hali ya hewa ya Tanga

Tazama tepu uliyobandika chini ya meza. Laka hupokea laka, sheliaki hupokea sheliaki. Vanishi ya mafuta hukaa juu ya karibu zote zikiwa safi na zimekwaruzwa kwa msasa 320. Kosa kubwa ni laka juu ya vanishi ya mafuta: thina yake huila ile ya chini na kuifanya ikunjamane ndani ya dakika. Hapo hakuna njia ila kukwangua yote.

Usipake kiraka peke yake. Paka mpaka penye mpaka wa asili: meza yote ya juu, ubao mmoja wa mlango wa kabati, mguu mzima. Doa la vanishi katikati ya uso wa zamani huonekana daima, hata rangi ikiwa sawa.

Sasa ule weupe. Thina inapotoka kwenye laka huondoka na joto, uso unapoa, na kama hewa imejaa unyevu, unyevu hugeuka maji na kunaswa ndani ya laka kabla haijafunga. Ndiyo maana tatizo hili linakuja asubuhi mapema, jioni, na siku nzima wakati wa masika, Machi hadi Mei. Ili kulikwepa:

Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Samani iliyolala kwenye sakafu baridi iache kwanza ipate joto la mchana, kivulini. Jua kali nalo ni kosa, kwani uso hufunga kabla ya chini kukauka na kutoa mapovu. Zima feni. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, ndiyo rafiki zaidi, na kama kazi inaweza kusubiri, isubiri.

Weupe ukishatokea usikwangue. Subiri mchana mkavu, kisha paka au pulizia laka nyepesi sana, au thina inayokauka polepole peke yake. Laka ya chini italainika, maji yatatoka, na weupe mwingi utaondoka nao.

Paka mikono mitatu myembamba. Mkono wa kwanza wa vanishi ya mafuta uwe na tapentaini sehemu 1 kwa vanishi sehemu 5 hadi 10. Brashi ipite kwa urefu wa nyuzi, mara moja, na usirudi nyuma ikishaanza kukaza hata ukiona unywele umebaki. Uache, utautoa kwa msasa. Kati ya mikono piga msasa wa 320, na 400 kabla ya wa mwisho, mpaka vumbi jeupe litoke sawasawa. Vumbi likijikunja kuwa vijiti, haijakauka. Laka hupokea mkono unaofuata baada ya saa 1 hivi, vanishi ya mafuta inataka siku nzima, na masika hata mbili.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya linsidi au vanishi ya mafuta visirundikwe kwenye kona. Vinapokauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Ukimaliza, laza tochi kwa ubavu kama mwanzo. Mng'ao uwe mmoja toka ukingo hadi ukingo. Ukiona kisiwa kinachong'aa zaidi ya pengine, sugua uso wote kwa msasa wa maji wa 400 uliolowa, kwa wepesi, na upake mkono mmoja zaidi.

Vyombo vyepesi vinaweza kurudi mezani baada ya siku 3. Kitambaa cha plastiki kisirudi kabla ya mwezi, na kwa meza ya laka kisirudi kabisa: plastiki hulainisha laka taratibu na kuganda nayo, na siku ya kukibandua kitaondoka na maua yake yakiwa yamechapwa juu ya mninga wako. Tandika kitambaa cha pamba, na sufuria ya moto iwekewe kata au kibao chini.